Fuvu Juu ya Vilima: Nakala Mbili za Mchoro wa Georgia O'Keeffe

Nakala ya kwanza ilinifikia ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, na nilipoitandaza mezani na kuzikandamiza pembe zake kwa vitabu vinne, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba vilima vilikuwa vimekatwa miguu. Mchoro wenyewe ni wa Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani, na unaitwa Ram's Head, White Hollyhock-Hills, yaani kichwa cha kondoo dume, ua jeupe na vilima. Aliuchora mwaka 1935 kutokana na mandhari ya New Mexico, jimbo la jangwa kusini-magharibi mwa Marekani, na mchoro halisi umo katika Jumba la Makumbusho la Brooklyn, jijini New York, ambako nimepata kusimama mbele yake mara mbili. Niliagiza nakala kwa sababu nilitaka kuutazama kila siku, badala ya kuuchungulia kwa dakika chache juu ya mabega ya watu. Tathmini hii inahusu nakala mbili za mchoro huo mmoja nilizozinunua katika maduka mawili, moja niliyoijutia na moja niliyoitundika, lakini siwezi kueleza kwa nini ya kwanza imeshindwa kabla sijaeleza mchoraji huyu alilifanyia nini jangwa.

Mchoro halisi una upana wa sentimita 91.4 na kimo cha sentimita 76.2, kwa hiyo haupiti sana dirisha la chumba cha kawaida. Fuvu la kondoo dume limeelea angani bila kamba wala msumari, pembe zake zimetanuka kushoto na kulia hadi kukaribia kingo za turubai, na kando yake limeelea ua moja jeupe. Hollyhock ni wa ukoo mmoja na bamia, na msomaji aliyewahi kuliona ua la bamia lililochanua asubuhi hatapata taabu kulifikiria. Chini kabisa, katika ukanda mwembamba, kuna vilima vyekundu vyenye vichaka vya kijani kilichoiva, vidogo kana kwamba mtu amevinyunyiza kwa ncha za vidole. Nyuma ya fuvu kuna mawingu mazito ya kijivu, ya mvua inayositasita. Kwa mbali unadhani fuvu ni kubwa kuliko nchi nzima iliyo chini yake; ukikaribia unagundua kwamba hakuna kitu chochote cha kukuambia liko umbali gani. Hakuna njia, hakuna ukuta, hakuna kivuli kilichoanguka ardhini. Kuna kilicho karibu kabisa na kuna kilicho mbali kabisa, na baina yao hamna kitu.

Nafasi hiyo ya kati iliyoondolewa ndiyo roho ya kazi zake za jangwani, na ndiyo inayoamua kama nakala inafaa au haifai.

O'Keeffe alizaliwa mwaka 1887 karibu na Sun Prairie katika jimbo la Wisconsin, kwenye nchi ya majani na mifugo, na alikuwa amekwisha kujipatia jina New York kwa maua yake makubwa alipokwenda Taos, mji mdogo wa New Mexico, katika majira ya joto ya 1929. Tangu hapo alirudi New Mexico karibu kila mwaka. Mwaka 1934 alifika kwa mara ya kwanza Ghost Ranch, ranchi iliyoko kaskazini mwa jimbo hilo, mwaka 1940 akanunua nyumba huko, mwaka 1945 akanunua nyingine iliyochakaa katika kijiji cha Abiquiú, na mwaka 1949, miaka mitatu baada ya kifo cha mumewe, mpigapicha Alfred Stieglitz, akahamia moja kwa moja. Alifariki mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 98. Nimezipitia tarehe hizi upesi kwa kuwa zinapatikana kila mahali. Kisichosemwa mara nyingi ni habari ya hewa.

Ghost Ranch iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, na hewa yake ni kavu na nyepesi. Wachoraji wa Ulaya walijifunza kwa karne nyingi kuonyesha umbali kwa kufifisha: kilicho mbali hupauka, huingiwa na ubuluu, na kingo zake hulainika, kwa sababu katika nchi zenye unyevu ndivyo jicho linavyoona. Katika jangwa la juu kama lile kanuni hiyo hulegea, na mlima ulio kilomita nyingi huonekana na ukingo kana kwamba umekatwa kwa wembe. Nimewahi kusimama hapo saa kumi na moja jioni nikiutazama mlima wa Pedernal, ambao jina lake kwa Kihispania maana yake ni jiwe la gumegume, na macho yangu hayakuweza kukadiria kama ingenichukua saa moja au siku nzima kuufikia. Kilele chake ni bapa kama meza na kiko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. O'Keeffe aliuchora mara nyingi hata akawa anasema kwa utani kwamba Mungu alimwahidi akiuchora vya kutosha utakuwa wake, na alipokufa majivu yake yalitawanywa huko. Katika michoro yake mlima huo ni wa buluu, kama kanuni ya zamani inavyotaka, lakini ni buluu yenye mpaka mkali, iliyosimama sambamba na wekundu wa vilima vya mbele bila kuuomba ruhusa. Basi lile pengo la kati, ambalo niliwahi kulidhania kuwa ni mbinu ya mjini iliyoletwa jangwani, lina mizizi katika mahali penyewe.

Sehemu nyingine ya pengo hilo, kwa maoni yangu, ilitoka kwenye gari. Mwaka wa kwanza wa Taos alijifunza kuendesha na akawa na gari aina ya Ford Model A, ambalo baadaye aligeuza kuwa chumba cha kazi: kiti cha mbele kiligeuzwa kuelekea nyuma, turubai ikaegemezwa kwenye kiti cha nyuma, naye akachora akiwa amejikinga na jua, upepo na nyuki. Anayeitazama nchi kupitia dirisha la gari huona kilicho karibu na kioo na huona upeo wa macho. Kati yake hukatwa na mlango. Sidai kwamba gari ndilo lililomfundisha, kwani alikuwa ameishi miaka mingi na wapigapicha na alijua fika nguvu ya kukata picha pale watu wasipotarajia. Nasema tu kwamba nikilitazama fuvu lile naiona pia fremu ya dirisha.

Na mifupa? Katika ukame wa wakati ule mifugo mingi ilikufa, na mwaka 1930 alisafirisha pipa zima la mifupa kutoka New Mexico hadi jimbo la New York. Wahakiki waliona mauti. Yeye alishikilia kwamba kwake mifupa ilikuwa hai kuliko wanyama wanaotembea. Namwamini, maana fuvu la mchoro huu halitishi. Limechorwa kwa utulivu ule ule alioutumia kwa ua, kila ufa na kila mkunjo wa pembe ukapewa kivuli chake kwa subira, na weupe wa ua unakaa kando ya weupe wa mfupa kiasi kwamba inakulazimu kuulinganisha: mmoja una ubichi ndani yake, mwingine umekauka hadi kuelekea hudhurungi.

Sasa turudi kwenye bomba la karatasi ngumu. Duka la kwanza, ambalo sitalitaja, huuza kwa njia ya mtandao na hutoa vipimo vitatu tu, vyote vya uwiano wa mbili kwa tatu. Nilichagua upana wa sentimita 120 kwa kimo cha sentimita 80, nikiamini kwamba jangwa likikuzwa litazidi kuwa jangwa. Hapo nilikosea mimi. Mchoro halisi una uwiano wa tano kwa sita, na ili uingie katika kipimo cha duka ni lazima sehemu ya kimo ikatwe. Nilipopiga hesabu niliona kwamba zimepotea sentimita 15 na zaidi za mchoro halisi, kidogo kutoka kwenye mawingu na nyingi kutoka chini, kule kwenye ukanda mwembamba wa vilima ambao ndio ardhi pekee iliyomo. Fuvu lililokuwa limeelea juu ya nchi likawa fuvu lililokaa juu ya mstari mwekundu. Nilipoandika kulalamika nilijibiwa kwa adabu kwamba ukataji huo ni wa kawaida na umeelezwa katika masharti, nami nilipoyasoma upya niliukuta kweli, katika aya ya mwisho.

Rangi nazo zilikuwa zimekolezwa. Vilima vya New Mexico vina wekundu wa aina nyingi unaotokana na matope yaliyogeuka mawe zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na juu ya tabaka hilo huko Ghost Ranch kuna majabali ya mawe ya mchanga ya manjano kama binzari, na juu kabisa kifuniko cha jasi ya kijivu kinachokaribia weupe. O'Keeffe alizichukulia tofauti hizo kwa uzito mkubwa. Alikuwa akitengeneza vikadi vidogo vya rangi alizozichanganya mwenyewe, na kuviwekea maelezo ili aweze kuirudia rangi ile ile baadaye. Katika mchoro halisi nilihesabu, kwa jicho la mtu asiye mtaalamu, angalau aina nne za wekundu kwenye ule ukanda wa chini: waridi iliyofifia, rangi ya tofali, rangi ya damu ya mzee, na moja inayoegemea zambarau mahali kilima kinapojikunja. Katika nakala ile zote zilikuwa zimegeuka rangi moja ya chungwa. Mawingu ya kijivu yalikuwa yamesukumwa kuelekea samawati, nadhani kwa sababu mtu fulani aliamini kwamba mnunuzi wa picha ya jangwa anataka anga safi. Mchoro wa siku ya mawingu ukawa kalenda ya shirika la utalii.

Lakini kilichonichekesha zaidi ni uso wake. Nakala hiyo ilichapwa kwenye kitambaa, kisha ikapakwa utomvu mzito unaong'aa, wenye mikwaruzo ya brashi, ili mguso wake ufanane na mchoro wa mafuta. Shida ni kwamba O'Keeffe hakuacha mikwaruzo. Alipaka rangi kwa wembamba na kwa ulaini kiasi kwamba mtu akiinamia turubai zake hupata kazi kuuona mwendo wa brashi, na mipito ya kivuli hadi mwanga hutokea kama moshi unavyotawanyika. Nakala ilikuwa imemwongezea mchoraji fujo aliyojizuia nayo maisha yake yote.

Nikiwa kwenye habari ya uso, kuna kisa kimoja ambacho kila mpenzi wa michoro yake angefaa kukijua. Baadhi ya turubai zake zina vipele vidogo mno, vingine vidogo kuliko chembe ya chumvi, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ni mchanga wa jangwani uliopeperushwa na upepo ukanata kwenye rangi mbichi. Dhana hiyo ilipendeza: jangwa limejitia lenyewe ndani ya picha yake. Uchunguzi uliofanywa na jumba la makumbusho lenye jina lake, lililoko Santa Fe, pamoja na Chuo Kikuu cha Northwestern, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019, unaonyesha kwamba vipele hivyo ni sabuni za metali. Madini kama risasi na zinki yaliyomo katika rangi huungana na asidi za mafuta ya kuchanganyia, hujikusanya, kisha husukuma juu kama chunusi, na unyevu na mabadiliko ya joto huharakisha jambo hilo. Yaani michoro ya nchi kavu kuliko zote inaumwa na unyevu, hasa ikisafirishwa kutoka maonyesho hadi maonyesho. Tangu nilipoyajua hayo nimekuwa mwepesi zaidi kuitetea nakala nzuri kama kitu chenye manufaa yake.

Nakala ya pili niliinunua kwa mchapaji mdogo, baada ya kumuuliza mambo ambayo ningepaswa kumuuliza yule wa kwanza: kama mchoro umechapwa mzima bila kukatwa, kama kipimo kinaweza kuwa kile kile cha mchoro halisi, kama karatasi ni ya pamba isiyong'aa, na kama ana idhini, kwa sababu haki za michoro mingi ya O'Keeffe zinasimamiwa na jumba la makumbusho la Santa Fe na bado ziko hai. Alijibu maswali yote kwa barua moja. Nililipa karibu mara mbili ya bei ya kwanza na nikasubiri wiki tatu. Ilipofika ilikuwa imelazwa bapa kati ya mbao mbili nyembamba, ina ukingo mweupe wa sentimita tano pande zote, na vilima vyake vina miguu.

Kipimo ndicho kilichonishangaza zaidi. Nilikuwa nimesadiki kwamba kazi hizi ni kubwa, kwa sababu kumbukumbu huzikuza, na kumbe nyingi haziifikii hata mita moja. Mahali alipopaita Black Place, vilima vya kijivu vilivyoko katika nchi ya Wanavajo, mojawapo ya mataifa ya asili ya Marekani, takriban kilomita 240 magharibi ya Ghost Ranch, alipaeleza kuwa kwa mbali panafanana na maili nzima ya tembo, na yeyote aliyewahi kuliona kundi la tembo likiondoka, migongo ya kijivu imebanana na vumbi jeupe miguuni, ataona kwamba hakutia chumvi. Hata hivyo maili hiyo ya tembo aliiingiza katika turubai ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba kwapani. Alipotaka ukubwa alijua kuutafuta: mwaka 1965, akiwa na miaka 77, alichora mawingu yaliyoonwa kutoka ndani ya ndege kwenye turubai yenye upana wa zaidi ya mita saba, ndani ya banda la magari la Ghost Ranch, na sasa iko katika Taasisi ya Sanaa ya Chicago. Basi fuvu la kondoo dume lina sentimita 91 kwa kuwa alitaka liwe na sentimita 91. Katika kipimo hicho fuvu lililochorwa linakaribiana na ukubwa wa fuvu lenye pembe ambalo mtu angeweza kulishika kwa mikono miwili, na hapo ndipo vilima vinapokuwa mbali kweli kweli. Ukikuza vyote kwa pamoja, fuvu linakuwa la mnyama asiyekuwepo na umbali unakufa.

Nakala hii ya pili nayo ina kasoro. Kijivu cha mawingu huegemea kidogo ukijani chini ya taa nyeupe za usiku, ingawa mchana, kwa mwanga wa dirisha, hurudi mahali pake. Kivuli kizito kilichoko kwenye mzizi wa pembe kimemezwa na weusi, na ule ufa mwembamba ninaoukumbuka kutoka Brooklyn hauonekani. Karatasi isiyong'aa huonyesha kila alama ya kidole, kwa hiyo afadhali iwekewe fremu na mtu aliyevaa glavu. Hizo ni kasoro ninazoweza kuishi nazo.

Kuna kasoro nyingine ambayo hakuna mchapaji wa kulaumiwa kwayo, nayo imekuwa ikikua jinsi ninavyozidi kuutazama mchoro huu ukutani. Ile nafasi ya kati aliyoiondoa O'Keeffe ndiyo nafasi wanayoishi watu. Kati ya mifupa ya mbele na mlima wa nyuma kuna bonde la mto Chama, kuna mashamba yanayomwagiliwa kwa mifereji ya jumuiya, kuna Abiquiú, kijiji kilichopewa ardhi yake na Wahispania mwaka 1754 kwa ajili ya Wagenízaro, watu wa mataifa mbalimbali ya asili waliotekwa au kukombolewa na kulelewa katika dini na lugha ya Kihispania. Kuna Watewa, taifa jingine la asili, na Wanavajo waliokuwa na majina ya milima ile kabla ya mtu yeyote kuiita nchi ya O'Keeffe, kama vipeperushi vingi vya utalii vinavyoiita leo. Tangu mwaka 1963 kuna hata bwawa kati ya Ghost Ranch na Pedernal, ziwa zima la maji ambalo mtu aliyeijua nchi hiyo kwa michoro yake tu hushtuka kulikuta. Na yale majabali meupe aliyoyaita White Place, karibu na Abiquiú, yamo katika ardhi ya taasisi ya Kiislamu ya Dar al Islam, ambayo msikiti wake wa matofali ya udongo ulibuniwa na Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati O'Keeffe angali hai. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu: jangwa nililolijua kuwa tupu kumbe lina mihrabu.

Simdai mchoraji achore kila kitu. Nadai tu kwamba anayenunua utupu huu ajue kuwa umetengenezwa, kwa kuchagua na kwa kuacha, na kwamba sehemu ya uzuri wake inatokana na kilichoachwa. Kwangu mimi kujua hivyo hakujaupunguzia mchoro nguvu. Kumenifanya nianze kuitazama zaidi mistari mahali rangi ya fuvu inapokutana na mawingu, kana kwamba nchi iliyoondolewa imekunjwa humo ndani.

Kwa anayetaka kununua: epuka kitambaa na utomvu unaong'aa, usikubali uwiano wa mbili kwa tatu, na uitundike kwa kimo cha macho ya mtu aliyesimama, kwenye ukuta usiopigwa na jua la moja kwa moja, kwani wekundu ndio huanza kupauka. Yangu iko mkabala na mlango, na wageni wengi huuliza kwanza habari za ua. Ile ya kwanza nimeirudisha kwenye bomba lake, juu ya kabati. Duka lilinirudishia nusu ya fedha na halikutaka kuipokea.